Mijusi, nyoka, kobe na vyura katika maduka makubwa ya wanyama Marekani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa familia zinazozungumza Kiswahili huko Marekani, na kwa sehemu Uingereza, ambazo mtoto ameona mjusi nyuma ya kioo cha PetSmart au Petco na sasa nyumbani hakuna habari nyingine. Wengi wetu tumekulia kwenye nyumba ambazo mjusi kafiri alifukuzwa kwa fagio na kinyonga alikimbiwa, kwa hiyo maarifa ya kuwafuga hatukurithi kwa bibi wala babu. Vipimo vya joto viko kwa Selsiasi, na baadhi ya vya Farenhaiti vimewekwa kando kwa sababu ndivyo vinavyosomeka kwenye vifaa vya Marekani.

Kwa nini utunzaji wa wanyama hawa dukani uwe suala tofauti na wa mbwa au paka?

Kwa sababu ya joto. Mbwa hutengeneza joto lake mwenyewe. Mjusi, nyoka, kobe na chura hulipata kutoka nje, na kila kitu mwilini mwao kinategemea hilo: kusaga chakula, kupambana na vijidudu, hata kuamka na kutafuta maji. Mjusi aliyekula nyenje kisha akakosa mahali pa kuota joto hubaki na chakula kinachooza tumboni.

Tatizo la pili ni muda. Mbwa akinyimwa maji asubuhi, jioni kila mtu anaona. Mjusi aliyewekewa taa mbovu anaweza kuonekana mzima kwa wiki kadhaa huku mifupa yake ikilainika. Dukani hukaa wiki chache tu. Anauzwa, anafika kwako, na huko ndiko anakoanza kutetemeka miguu. Mnunuzi hujilaumu, duka halisikii lolote, na tangi lake la kioo hujazwa wanyama wengine Jumatatu. Hili ndilo linaloniuma zaidi katika biashara hii: madhara hayaonekani pale yalipofanyika.

Je, hakuna sheria inayoyabana maduka haya?

Marekani ina sheria ya shirikisho ya ustawi wa wanyama tangu 1966, lakini inawahusu wanyama wenye damu moto tu. Reptilia (mijusi, nyoka, kobe) na amfibia (vyura na jamaa zao) hawamo kabisa. Kinachobaki ni sheria za majimbo, ambazo zinatofautiana sana, sheria za jumla za ukatili dhidi ya wanyama, na miongozo ambayo kila kampuni imejiandikia.

England wamekwenda mbali zaidi. Kanuni za mwaka 2018 zinamtaka kila anayeuza wanyama wa kufuga awe na leseni ya halmashauri, akaguliwe, na apewe nyota kuanzia moja hadi tano. Mijusi na vyura wamo. Ukiwa huko, omba kuiona leseni. Inapaswa kubandikwa mahali pa wazi.

Sisemi kwamba miongozo ya kampuni za Marekani haina maana. Makao makuu huandika joto la kila tangi, ratiba ya kulisha na utaratibu wa kumtenga mgonjwa. Lakini karatasi haiwashi taa. Tawi lenye mfanyakazi mmoja anayewapenda nyoka litakuwa safi, na tawi la kampuni hiyohiyo mtaa wa pili litakuwa na balbu iliyoungua tangu juzi. Usihukumu kwa jina la juu ya mlango. Hukumu tawi.

Nikiingia dukani, niangalie nini kwanza?

Tangi, kabla ya mnyama. Najua ni vigumu, maana macho ya geko mdogo, mjusi wa jamii ya mjusi kafiri, yanavuta. Jilazimishe hivyo hivyo.

Anza na taa. Je, upande mmoja una joto na mwingine ni wa ubaridi kiasi? Mnyama lazima aweze kuchagua, kwa kuwa kusogea kutoka upande huu hadi ule ndiyo njia yake pekee ya kurekebisha mwili. Tangi lenye joto moja kote, hata likiwa joto zuri, limemnyang'anya uwezo huo. Angalia pia kipimajoto kiko wapi. Vile vya mviringo vinavyobandikwa juu ya kioo husoma hewa iliyo karibu na kioo, wala si jiwe analolalia mjusi. Ukiwa na kipimajoto cha kuelekeza, kama kile tulichopimwa nacho pajini wakati wa UVIKO, nenda nacho. Hakizidi gharama ya chakula cha mwezi cha mnyama huyo, na utaendelea kukihitaji nyumbani.

Kisha maji. Bakuli liwe safi, lisiwe na nyenje waliokufa maji. Kwa kinyonga, bakuli halitoshi: vinyonga hunywa matone yaliyoko kwenye majani, na wengi hawatambui maji yaliyotulia. Kinyonga anayeuzwa zaidi katika maduka haya asili yake ni Yemen na kusini magharibi mwa Saudia, na mara nyingi huwa na macho yaliyodidimia kwa kiu huku bakuli limejaa chini yake. Uliza wanamnyunyizia maji mara ngapi kwa siku.

Tatu, mahali pa kujificha. Kila mnyama awe na pango lake, na ikiwezekana mawili, moja upande wa joto na moja upande wa ubaridi. Duka likiondoa mapango ili wateja waone vizuri, mnyama anachagua kati ya usalama na joto kutwa nzima.

Halafu hesabu vichwa. Mijusi wadogo kumi kwenye tangi moja ni jambo la kawaida, na hapo utaona kidole kilichokatika, ncha ya mkia iliyotafunwa, na mmoja aliyelaliwa na wenzake chini ya taa. Wanaosema "tazama wanavyopendana, wamelaliana" wamekosea. Wanagombania sehemu ya joto, na mwenye nguvu ndiye wa juu.

Mwisho, uliza swali moja: huyu amekula lini mara ya mwisho, na nini? Duka zuri lina rekodi. Kwa chatu mpira (ball python) swali hili ni la lazima, kwa kuwa nyoka hao wanaweza kugoma kula kwa miezi. Usimchukue mtoto wa chatu ambaye duka haliwezi kukuonyesha kwamba amekula angalau milo mitatu mfululizo.

Joto sahihi ni lipi kwa wanyama wanaouzwa zaidi?

Mjusi mwenye ndevu wa Australia (bearded dragon) ndiye anayehitaji joto kali kuliko wengi: sehemu ya kuotea nyuzi 38 hadi 42 (Farenhaiti 100 hadi 108), upande wa ubaridi nyuzi 24 hadi 27. Huyu pia hawezi kuishi bila taa ya UVB, yaani mionzi isiyoonekana iliyomo pia kwenye mwanga wa jua. Mionzi hiyo ndiyo inayomwezesha kutengeneza vitamini D3, na bila D3 kalsiamu unayomnyunyizia kwenye chakula haifyonzwi. Kumbuka mambo mawili kuhusu taa hizo. Kioo huzuia UVB, kwa hiyo kumweka dirishani hakusaidii. Na balbu huendelea kung'aa muda mrefu baada ya mionzi yake kuisha, ndiyo maana hubadilishwa kila baada ya miezi sita hadi kumi na miwili kulingana na aina. Muulize mfanyakazi balbu iliwekwa lini. Asipojua, hiyo peke yake ni taarifa kwako.

Geko chui (leopard gecko), mwenye asili ya Afghanistan, Pakistan na maeneo jirani, anatosheka na nyuzi 31 hadi 33 (karibu Farenhaiti 90) kwenye pango la joto, na nyuzi 24 hivi upande wa pili. Awe pia na pango lenye unyevu, la sivyo ngozi hukwama vidoleni anapojivua gamba, inakaza kama uzi, na kidole kinakufa.

Chatu mpira anatoka Afrika Magharibi: Ghana, Togo, Benin na jirani zao. Upande wa joto nyuzi 31 hadi 33, ubaridi nyuzi 25 hadi 27, unyevu asilimia 55 hadi 70. Maduka mengi humweka pakavu, na utamtambua kwa ngozi inayotoka vipande vipande badala ya kutoka nzima kama soksi.

Geko mwenye kishungi (crested gecko), kutoka New Caledonia, ni kinyume cha wote hao. Watu wa sayansi walidhani ametoweka duniani hadi alipoonekana tena 1994, na leo yuko kila tawi. Anapenda joto la kawaida la sebuleni, nyuzi 22 hadi 26. Zaidi ya nyuzi 28 (Farenhaiti 82) anaanza kuteseka. Ukimwona amewekewa taa ya joto sawa na jirani yake wa jangwani, mwambie meneja siku hiyohiyo.

Mchanga, mawe ya umeme na taa nyekundu zinazouzwa rafu ya pembeni?

Usinunue jiwe la umeme. Linachoma tumbo, na reptilia hawaondoki haraka wanapoungua kwa chini. Mchanga wa rangi wa kalsiamu humezwa na mijusi wadogo na kuziba utumbo. Taa nyekundu ya usiku haihitajiki. Usiku ni giza, na kama nyumba yako ni baridi sana kuna hita zisizotoa mwanga. Chochote kinachotoa joto kiunganishwe na thamostati, kifaa kinachokizima joto likifika kiwango ulichoweka. Maduka huuza vifaa hivi kando ya wanyama wasiovihitaji, na mnunuzi mgeni hudhani kwamba kilicho rafuni kimepitishwa na mtu.

Tununue wawili ili wasiwe wapweke?

Hapana. Wengi wa wanyama hawa huishi peke yao. Mijusi wenye ndevu hupigana, na geko chui wawili wa kiume huumizana vibaya. Mtoto wako atahitaji kuelezwa hili kwa upole.

Vyura nao? Dukani wanaonekana rahisi zaidi.

Ni rahisi kuwanunua. Kuwatunza ni habari nyingine. Chura hunywa na kwa sehemu hupumua kwa ngozi, hivyo kila kilichomo kwenye maji kinaingia mwilini mwake. Maji ya bomba ya miji ya Marekani yana klorini au kloramini. Klorini hupungua ukiacha maji wazi usiku kucha, kloramini haipungui, kwa hiyo lazima dawa ya kusafishia maji itumike. Uliza duka linatumia ipi. Vilevile usimshike kwa mkono mkavu, au mkono wenye mafuta ya kujipaka. Ukilazimika, vaa glavu zisizo na unga na uzilowanishe.

Ninaowahurumia zaidi ni vyura wadogo wa majini kutoka bonde la Congo na nchi jirani, wale wanaouzwa kwenye visanduku vidogo vya plastiki kama pambo la meza. Hawaoni vizuri, hutafuta chakula polepole kwa kunusa, na wakichanganywa na samaki huachwa na njaa kwa sababu samaki humaliza kila kitu kabla. Wanahitaji kupanda juu kuvuta hewa, lakini pia wanahitaji nafasi ya kuogelea na maji ya nyuzi 24 hivi. Kisanduku chenye ujazo wa kikombe hakiwapi nafasi hiyo wala joto hilo. Ukiwakuta hivyo, wapite.

Kuna jambo pana zaidi. Biashara ya vyura na salamanda, amfibia wenye mkia kama mijusi, imesaidia kusambaza magonjwa ya kuvu ya ngozi ambayo yamemaliza spishi nzima za amfibia porini. Januari 2016 idara ya samaki na wanyamapori ya Marekani ilizuia kuingiza nchini spishi 201 za salamanda kwa hofu ya kuvu iliyokuwa ikiua salamanda wa Ulaya. Kwa hiyo maji ya tangi la chura usiyamwage kwenye mtaro wa mvua.

Dalili gani zinasema mnyama huyu ni mgonjwa?

Macho yaliyozama, mapovu puani au mdomoni, mdomo ulio wazi huku shingo imenyooshwa juu, taya laini au lililovimba, miguu inayotetemeka, mkia wa geko chui uliokonda kama kijiti. Kwa nyoka, tazama chini ya kidevu na pembezoni mwa macho kama kuna vidoa vyeusi vinavyotembea. Hao ni utitiri, na wakiwa kwenye tangi moja wako kwenye yote. Kwa kobe wa majini, kope zilizovimba na kuogelea kwa kuegemea upande mmoja.

Ukiona hata moja, usinunue chochote kutoka rafu hiyo, hata aliye mzima. Vifaa vya kusafishia ni vilevile, na mikono ni ileile.

Nimemwona aliyekonda sana. Si afadhali nimnunue nimwokoe?

Hili ndilo swali gumu, na nafahamu moyo unaouliza. Jibu langu ni usimnunue.

Kwenye kompyuta ya duka, mnyama huyo akilipiwa anahesabika kama mauzo. Hakuna mahali panapoandikwa kwamba mteja alimchukua kwa uchungu. Mfumo huagiza mwingine, wa aina ileile, kutoka kwa msambazaji yuleyule. Na huko kwa wasambazaji ndiko hali inakokuwa mbaya zaidi. Desemba 2009, katika mji wa Arlington, Texas, maafisa walichukua wanyama zaidi ya 26,000 kutoka kwa msambazaji mmoja wa jumla, wengi wao reptilia na amfibia. Wanyama kama asilimia 80 walikuwa wagonjwa, wamejeruhiwa au wamekufa, na mahakamani ikaelezwa kuwa vifo vya asilimia 70 na zaidi ndani ya wiki sita ni hali ya kawaida ya biashara hiyo. Yaani hasara imekwisha kuhesabiwa kwenye bei. Unapomnunua aliyekonda, unathibitisha hesabu yao.

Fanya hivi badala yake. Muite meneja, umwonyeshe mnyama, na uulize kwa utulivu: ataonwa na daktari lini? Kampuni kubwa zenye matawi mengi zina utaratibu wa kumtoa mgonjwa mbele na kumpeleka kwa daktari, na mara nyingi unachohitaji ni mtu mmoja wa kuusukuma. Piga picha. Rudi baada ya siku mbili. Na kama unataka kweli kuokoa, vituo vya hifadhi na vyama vya wafugaji wa reptilia katika majimbo mengi vimejaa mijusi wenye ndevu na kobe walioachwa, waliokwisha komaa, wenye afya inayojulikana, na ada yake ni ndogo kuliko bei ya dukani.

Wanyama hawa wanatoka wapi? Kuna wa kwetu?

Wengi wa madukani sasa wamezalishwa kwenye mashamba ya Marekani. Wapo bado waliokamatwa porini, kama mijusi wadogo wa kijani wa majimbo ya kusini.

Wa kwetu wamepita sana kwenye biashara hii. Kobe bapa wa miambani wa Tanzania na Kenya, na yule geko wa buluu wa msitu wa Kimboza, Morogoro, wote walivunwa kwa ajili ya wafugaji wa ng'ambo hadi wakapandishwa kwenye daraja la juu la ulinzi la CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, geko huyo kwa uamuzi wa 2016 na kobe kwa uamuzi wa 2019. Mwaka 2016 Tanzania ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi. Mtu akikuuzia kobe bapa pembeni, bila karatasi, mkatae.

Tuna mtoto mchanga na mama mkwe mzee nyumbani. Kuna hatari?

Ndiyo. Reptilia na amfibia hubeba salmonela, bakteria wanaoleta kuhara na homa, bila wao kuugua. Mamlaka za afya za Marekani hushauri wasifugwe kwenye nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka mitano, mzee wa zaidi ya 65, au mtu mwenye kinga dhaifu. Kwa sababu hiyohiyo, tangu 1975 ni marufuku kuuza kama kipenzi kobe mwenye gamba lisilofikia inchi nne, kama sentimita 10; wanaouzwa wadogo kuliko hapo pembezoni mwa masoko wanauzwa kinyume cha sheria. Na wale vyura wadogo wa Congo waliwahi kusababisha mlipuko wa salmonela uliogunduliwa 2009 na kuwafanya waugue watu zaidi ya 200 Marekani, wengi wao watoto.

Mkiamua kufuga, mikono ioshwe kwa sabuni kila mara, na bakuli la mnyama lisioshewe kwenye sinki la jikoni. Mama akitia udhu au akiandaa chakula hapo, hatari ni yake.

Atakua kiasi gani?

Kuliko anavyoonekana. Kobe wa majini mwenye mstari mwekundu kichwani hufikia sentimita 25 na zaidi, na huishi miaka 20 hadi 40. Kobe wa Saheli anayetosha kiganjani anaweza kupita kilo 45 na anaweza kukuzidi umri. Geko chui huishi miaka 15 hadi 20, chatu mpira 20 hadi 30. Mjusi mwenye ndevu huishi miaka 8 hadi 12 na akiwa mzima anahitaji tangi la sentimita 120 kwa 60 kwa 60. Lile dogo la kifurushi cha kuanzia atalizidi ndani ya miezi michache, na pesa hiyo imepotea.

Akikushinda, usimwachie mtoni. Kobe hao wenye mstari mwekundu wamevamia mito ya mabara mengi kwa njia hiyohiyo.

Nimekwisha nunua. Nifanye nini wiki ya kwanza?

Tangi liwe limewashwa na kupimwa siku kadhaa kabla ya kumleta. Usimshike wiki ya kwanza. Atajificha na huenda asile, hiyo ni kawaida. Kama kuna reptilia mwingine nyumbani, mtenge kwa miezi miwili hadi mitatu, kwa vifaa vyake mwenyewe. Soma risiti: maduka mengi hutoa dhamana ya afya ya kati ya wiki mbili na mwezi mmoja, na muda huo ndio wa kumpeleka kwa daktari akiwa na kinyesi chake kibichi kwenye mfuko. Si kila daktari wa wanyama anawatibu. Chama cha madaktari wa reptilia na amfibia, ARAV, kina orodha mtandaoni ya kumtafuta aliye karibu.

Wafanyakazi wakinijibu vibaya, nimlalamikie nani?

Wengi ni vijana wanaolipwa kwa saa, wamepewa mafunzo mafupi, na zamu moja ina samaki, ndege, panya na kaunta ya malipo. Anza na meneja. Asiposhughulika, andika kwa makao makuu ukitaja tawi, tarehe, saa, tangi lipi, na kipimo ulichosoma. "Wanyama wanateseka" huishia kwenye jibu la kompyuta. "Taa ya tangi la tatu kutoka kushoto ilikuwa imezimika Jumamosi na Jumanne, kipimajoto changu kilisoma Farenhaiti 71" hupelekwa kwa mtu. Kwa hali ya hatari, piga simu kwa idara ya kudhibiti wanyama ya mji au kaunti yako. England, kwa idara ya leseni ya halmashauri. Ambatisha picha, na uhifadhi nakala ya ulichoandika.